Alama ya Chaki

Gari la Mwalimu lilitetemeka kwa miezi mitatu, na katika miezi hiyo mitatu Mwalimu alibadilisha kila kitu ndani yake isipokuwa kile kilichokuwa na kasoro.

Alianza na plagi, zote nne, kisha waya zake. Akafungua kabureta, akaipuliza, akaifunga, halafu akaifungua tena kwa kuwa hakuridhika na jinsi alivyoipuliza. Akaweka mipira mipya ya kushikilia injini. Mwisho akapeleka magurudumu kupimwa mizani, jambo ambalo mwanafunzi wa muhula wa kwanza angelichekea, maana gari lilitetemeka likiwa limesimama uani, magurudumu yametulia tuli kama masufuria kabatini. Ukiliwasha ukaliacha kwenye sailensa, bila kugusa mafuta, lilinguruma polepole kama halina neno na mtu. Ukikanyaga mafuta kidogo, dashibodi ilianza kunong'ona. Ukizidisha, vioo vilicheza, usukani uliwasha viganja, na kile kimlango cha kuwekea makaratasi mbele ya abiria kilifunguka chenyewe.

Na Mwalimu huyu hakuwa mbahatishaji. Alikuwa amefundisha ufundi wa magari chuoni kwa miaka thelathini na mmoja. Nusu ya mafundi wa mji ule walipita mikononi mwake, na nusu nyingine walifundishwa na hao waliopita. Walimwita Alama, si mbele yake, kwa ajili ya ile sentensi aliyofungulia kila somo: weka alama kabla hujafungua. Chuma kinachozunguka pamoja na chuma kingine, ukikitenganisha, lazima ukirudishe palepale kilipokuwa, na kichwa cha binadamu si mahali pa kutunzia palepale. Piga alama kwa senta panchi, kile kipande cha chuma chenye ncha, na nyundo. Si kwa kalamu, si kwa rangi, na kwa chaki ndiyo kabisa usithubutu. Chaki ni ya ubaoni.

Kwa hiyo Mwalimu alijua gari lina nini. Alilijua tangu siku ya kwanza. Ila kulijua ilikuwa sawa na kukiri, na kukiri hakuwa tayari.

Mambo yalianza pale alipoamua kubadilisha klachi mwenyewe, ana miaka sitini na minane, juu ya vipande vya maboksi uani kwake. Mkewe alimwambia amwite fundi. Alijibu kwamba mafundi wote waliobaki ni wanafunzi wake, na mtu haazimi kalamu kwa mtoto aliyemfundisha kuandika. Akaingia chini ya gari asubuhi na jeki yake na ubao, akateremsha giaboksi, na hadi kufikia chakula cha mchana alikuwa ameshatoa vyuma viwili vikubwa: flaiwili, yaani lile duara zito linalofungwa nyuma ya injini, na kifuniko cha klachi kinachokaa juu yake kwa bolti sita, ambacho bado kilikuwa kizima na kingerudi kilekile. Flaiwili aliitoa kwa sababu oili ilikuwa ikivuja nyuma yake na alitaka kubadilisha sili. Vyuma vyote viwili akavilaza barazani juu ya magazeti. Akala, akajinyoosha nusu saa, akarudi.

Alama haikuwapo. Alivigeuza vyuma vile juu chini, akavisogeza kwenye mwanga, akavaa miwani, akavua miwani. Alikumbuka vizuri kwamba alitafuta senta panchi akaikosa, na kwamba alifikiria kutumia chaki, kwa mara moja tu, kwa kuwa jua lilikuwa kali na njaa inauma. Chaki alikuwa nayo. Alistaafu miaka mitano nyuma, lakini mfuko wa shati lake haukustaafu, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Basi alifikiria kuchora. Je, alichora? Chaki haina miguu. Kama haipo, maana yake haikuwahi kuwapo. Senta panchi nayo aliikuta jioni ndani ya mfuko wa aproni aliyokuwa ameivaa tangu asubuhi.

Kifuniko kile kilikuwa na matundu sita, na kingeweza kukaa kwa namna sita. Moja tu ndiyo iliyokuwa sahihi. Mwalimu alichagua moja, kama mwanafunzi aliyeingia kwenye mtihani bila kusoma, akafunga, akawasha gari, na gari likampa matokeo yake papo hapo.

Fundi mwingine angecheka, akafungua tena, akajaribu namna ya pili. Mwalimu hakuweza, na sababu haikuwa gari. Mwezi huohuo alikuwa ameacha bomba la maji likimwagika hadi sebule ikalowa. Akamuuliza binti yake mkubwa swali moja mara mbili kwenye simu. Binti yule hana makuu, ila ni mtu wa kupanga mambo, na alikuja mwenyewe kuzungumza kwa upole ule ambao watu wazima huutumia kwa watoto na kwa wazazi. Alisema baba ameanza kusahausahau. Alisema si aibu, ni umri. Alisema atawatafutia dereva, na ufunguo wa gari heri akae nao yeye. Walikubaliana asubiri miezi mitatu waone hali inakwendaje. Sasa mwezi wa tatu ulikuwa unaisha, na binti angekuja Jumapili.

Ndiyo maana Mwalimu alibadilisha plagi. Kubadilisha plagi ni kazi ya mtu anayetafuta ubovu. Kufungua klachi kungekuwa kazi ya mtu aliyesahau alama, yeye Alama mwenyewe. Kila alfajiri, kabla hajashusha miguu kitandani, alijipa mtihani kimyakimya. Silinda zinawaka kwa mpangilio gani? Moja, tatu, nne, mbili. Darasa lake la kwanza walikuwa nani? Aliwataja mmoja mmoja kwa majina, midomo ikicheza gizani, na akimkwama mmoja aliamka na hasira ya siku nzima.

Kilichomuuma zaidi ni kiti cha abiria. Kwa miaka mingi, kila alipotia ufunguo, mkewe alikuwa pembeni yake na mkoba mapajani, akimwelekeza njia ambazo yeye alizijua kuliko kiganja chake. Gari lilipoanza kutetemeka alipanda mara mbili tatu, akanyamaza njia nzima, kisha akaacha. Sokoni akaenda na jirani. Kwa dada yake akaenda na jirani. Alisema ni mgongo. Mwalimu hakuamini. Aliona kwamba mkewe naye ameshapiga kura upande wa binti, na hataki tu kusema.

Siku ya Alhamisi, ikiwa imebaki siku tatu, maji yalimfika shingoni. Akaamua kupeleka gari gereji ya mwanafunzi wake wa zamani, mwanamke mmoja ambaye darasani walimwita Msumari kwa wembamba wake na kwa maswali yake. Alipofungua mlango wa gari alimkuta mkewe amekwisha kaa, mkoba mapajani.

"Mgongo je?" Mwalimu aliuliza.

"Utavumilia," mkewe alijibu, na akatazama mbele.

Gereji ya Msumari ilikuwa banda refu la mabati lenye sakafu ya saruji iliyofagiliwa, spana zimetundikwa ukutani kwa ukubwa wake, kila moja imechorewa kivuli chake ili ikikosekana ionekane. Mwalimu alivitazama vivuli vile akajisikia vizuri. Ilikuwa mbinu yake.

"Shikamoo Mwalimu. Shikamoo mama." Msumari alifuta mikono kwa tambara. Wembamba ulikuwa umemtoka siku nyingi. Maswali hayakumtoka. "Leo umekuja kutukagua?"

"Marahaba. Nimekuja kama mteja."

Mafundi wenzake wawili walinyanyua vichwa kutoka kwenye kazi zao, wakatazamana, wakarudi kwenye kazi zao kwa bidii mpya.

Msumari aliwasha gari. Aliliacha kwenye sailensa, akaweka kiganja juu ya injini kama mtu anayepima homa ya mtoto. "Hapa limetulia. Kwa hiyo si plagi. Ingekuwa silinda moja haiwaki, lingekohoa hapahapa." Akavuta mafuta. Gari likatetemeka, kimlango cha dashibodi kikafunguka, mama, aliyekuwa bado kwenye kiti chake, akakifunga kwa mkono bila kukitazama. "Limesimama na linatetemeka. Kwa hiyo si magurudumu. Injini ikizunguka zaidi, nalo linazidi. Kuna kitu kinazunguka na hakina mizani. Kitakuwa mbele ya injini au nyuma yake." Akazima, akalegeza mkanda wa feni, akautoa, akawasha tena kwa muda mfupi. Mtetemo uleule. "Mbele hakuna kitu. Tumebaki na nyuma."

Dakika kumi hazijafika. Mwalimu alisimama na mikono nyuma, uso mkavu, moyoni kiburi na hofu vinagombania kiti kimoja. Alimfundisha vizuri mno.

Kisha Msumari akauliza lile swali. Mwalimu aliliona likija, kwa kuwa alilitunga yeye na kuliandika ubaoni mwaka baada ya mwaka: kabla hujashika spana, muulize mwenye gari.

"Mwalimu, kabla halijaanza kutetemeka, mara ya mwisho lilifanywa nini?"

Chini ya swali lile, ubaoni, alikuwa akiandika mstari wa pili: mwenye gari atakudanganya. Si kwamba ni mtu mbaya, anaona haya tu. Wanafunzi walikuwa wakicheka kila mwaka alipofika hapo.

"Hakuna kikubwa," alisema mwenye gari.

Msumari alingoja. Alijua kungoja, naye alifundishwa.

"Ni klachi tu. Ilibadilishwa."

"Na nani?"

"Fundi mmoja."

"Fundi gani? Wa gereji gani?"

"Hana gereji. Ni hawa wa kupitapita. Alikuja nyumbani."

Hapo alimkodolea mkewe jicho la pembeni, akisubiri aibu yake. Mwanamke huyu hakuwahi katika maisha yake kuacha kosa lipite bila kulisahihisha. Alimsahihisha tarehe mbele ya wageni, alimsahihisha bei mbele ya wauzaji. Sasa alifungua mdomo, na Mwalimu akajikaza.

"Mrefu," mkewe alisema. "Mrefu hivi, na anatumia mkono wa kushoto."

Mwalimu aligeuka mzimamzima kumtazama. Mkewe alikuwa akikagua kifungo cha mkoba wake.

"Mwembamba?" Msumari aliuliza.

"Wa wastani. Ana kikohozi."

"Simjui," Msumari alisema. "Lakini nikimjua atanieleza. Amekuwekea klachi kama mtu anayeweka kofia. Mwalimu, ulikuwapo akifanya kazi?"

"Nilikuwapo kidogo."

"Na ukamwacha?"

Mwalimu alisema alikuwa amelala nusu saa, na hilo, katika yote aliyosema asubuhi ile, lilikuwa la kweli.

Walipandisha gari. Mafundi wawili wakashika giaboksi, Msumari akatoa bolti, na kazi iliyomchukua Mwalimu asubuhi nzima miezi mitatu nyuma wakaimaliza kabla chai haijapoa. Mwalimu alipewa kiti akakataa. Mkewe alikaa kwenye benchi kando ya ukuta, mkononi kikombe cha chai asichokinywa.

Msumari alimulika taa, akakiangalia kifuniko pale kilipokuwa bado kimefungwa juu ya flaiwili. Alikiangalia muda mrefu. Halafu akamwita Mwalimu kwa kidole, kama Mwalimu alivyokuwa akiwaita wao.

"Unaona huu mchirizi wa kutu? Maji yaliingia zamani, yakatiririka kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye flaiwili, yakaacha kutu. Mstari mmoja. Sasa tazama. Kwenye kifuniko uko hapa. Kwenye flaiwili uko kule, bolti mbili mbele. Huyu bwana alitoa chuma, akakirudisha popote."

Ilikuwa wazi, na hata mtoto angeiona. Mwalimu mwenyewe angeiona siku ile barazani kama angetazama vyuma badala ya kutazama ndani ya kichwa chake.

"Hakuweka alama," Msumari alisema.

"Labda alisahau," Mwalimu alisema kwa sauti ndogo.

"Alisahau?" Msumari alicheka, na wale mafundi wawili wakajiona wameruhusiwa kucheka pia. "Mwalimu, si wewe uliyetuambia? Fundi anayesahau alama ni wa kunyang'anywa spana na kutafutiwa kazi ya kukaa. Ulisema mbele ya darasa zima, siku niliyosahau mimi. Nililia, unakumbuka?"

Alikumbuka. Hilo lilikuja lote, bila kukwama: yule msichana mwembamba, yale machozi yaliyochanganyika na grisi, na yeye Mwalimu akirudi ubaoni huku amejiridhisha kwamba ametoa funzo. Aliona haya kwa ajili ya siku ile na kwa ajili ya siku hii kwa pamoja. Alimwona binti yake akinyoosha kiganja Jumapili sebuleni, na akaona kwamba angeuweka ufunguo juu ya kiganja kile bila neno, kwa kuwa hukumu alishaisoma mwenyewe zamani.

"Ni kweli," alisema. "Mtu kama huyo anyang'anywe."

"Aliweka," sauti ilisema kutoka kwenye benchi.

Wote waligeuka. Mama alikuwa amesimama, kikombe bado mkononi.

"Alama aliweka. Aliweka kwa chaki. Mimi ndiye niliyefuta."

Aliweka kikombe juu ya benchi, akasogea karibu na gari.

"Nilipita barazani nikaona vumbi la chaki juu ya chuma," alisema, sasa akimwambia mumewe peke yake. "Nikalifuta kwa ncha ya nguo yangu. Hata sikufikiri. Miaka thelathini nimekufuta chaki, mikono ya shati, kola, suruali. Nikiiona mkono unakwenda wenyewe. Baadaye nikakusikia unavigeuza vyuma unasema, niliweka au sikuweka, na asubuhi ulikuwa umeshafoka kwamba mtu asiguse vitu vyako. Nikasema nitamwambia jioni. Jioni likaanza kutetemeka."

"Miezi mitatu," Mwalimu alisema.

"Kila siku ilikuwa ngumu kuliko jana yake. Likitikisika naona kama linanitaja mimi. Nikashindwa hata kupanda."

Mwalimu alijaribu kukasirika. Alikuwa na haki zote za kukasirika, na alikuwa mtu wa kutumia haki zake. Alitafuta hasira akaikosa, kama alivyoikosa senta panchi. "Ngapi?" aliuliza. "Alama ngapi?"

"Mbili. Moja kwenye hilo duara, moja kwenye kifuniko chake."

"Nyeupe?"

"Ya bluu."

Ya bluu. Mara ikaja yote: nyeupe zilikuwa zimevunjikavunjika mfukoni, akachagua ya bluu, akachora mstari mmoja na kuurudia mara mbili ili ukolee. Alichora. Hakuwa amesahau kitu. Mwalimu alishika ukingo wa benchi la kazi, na watu waliokuwapo walimwona anacheka hadi anatoa machozi, mzee aliyekwisha haribiwa klachi, plagi, waya, na miezi mitatu ya usingizi.

Msumari alitazama mmoja, akatazama mwingine. Alikuwa mwanafunzi mzuri, na jibu lilikuwa limeshamfika zamani. Aliinama akachukua spana.

"Basi yule fundi mrefu," alisema, "tumemwonea bure."

Mchana wote Mwalimu alikuwa mtu mwingine. Alivua koti, akakunja mikono ya shati, akawaeleza wale mafundi wawili habari za mizani ya vyuma vinavyozunguka, jambo ambalo hawakuliuliza. Walipoulinganisha mchirizi wa kutu na kukaza bolti sita, alidai senta panchi, akapiga alama yeye mwenyewe, tundu moja hapa na tundu moja pale, kwa pigo moja moja. Kisha akataja, bila kuombwa, majina yote ya darasa la Msumari kwa mpangilio wa herufi, na hakukosa hata moja.

Gari liliposhuka chini alikaa kwenye usukani, akawasha, akakanyaga mafuta. Kimlango cha dashibodi hakikufunguka. "Nalizungusha mara moja," alisema, akatoka.

Lilikwenda kama maji. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu, na usukani haukuwa na la kusema. Barabara ilikuwa wazi, jua limeanza kulegea, na Mwalimu alizungumza njia nzima. Alimwambia mkewe kwamba amemsamehe. Alimwambia kwamba Jumapili yeye ndiye atakayemweleza binti, kwa mdomo wake, habari za chaki ya bluu, na binti atajua kwamba baba yake yuko timamu. Alimwambia kwamba wiki ijayo watakwenda kwa dada yake, na akitaka wapite njia ya juu, watapita ya juu. Aliingia uani kwake, akazima injini, akasikiliza utulivu ule kidogo, halafu akageuka.

"Umesikia?" alisema.

Kwenye kiti kulikuwa na mkoba.

Mkoba tu, umekaa wima, umefungwa kifungo. Mwenyewe aliuacha pale asubuhi aliposhuka kwenda kukaa kwenye benchi. Alikuwa ameusemesha mkoba kwa muda wote ule. Mwalimu aliweka mikono miwili juu ya usukani na hakuitoa. Hakuna mtu aliyefuta kitu safari hii. Alitaka kusema moja, tatu, nne, mbili, na alizisema, na zilikuwa sahihi, na hazikumsaidia.

Aliwasha gari akarudi. Njiani aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika miezi ile mitatu, na gari zuri lile halikupiga kelele yoyote ya kumfunika.

Mkewe alikuwa kwenye benchi lilelile, viganja mapajani. Msumari alikuwa chini ya gari jingine, miguu tu ikionekana. Mwalimu alisimama mlangoni akatafuta la kusema, lakini mkewe alitangulia, kwa sauti ya kusikika na miguu ile.

"Umeileta miwani yangu?"

"Miwani?"

"Niliyokutuma nyumbani."

Mkewe alikuwa amevaa miwani yake.

"Sikuiona," Mwalimu alisema. "Nimetafuta kote."

"Haya, tutaitafuta wote."

Msumari alijitelezesha kutoka chini ya gari, akawatazama, akaitazama miwani ile puani mwa mama. Yeye pia aliwahi kuunakili ule mstari wa pili kutoka ubaoni, wa mwenye gari atakayekudanganya. Aliwatakia safari njema, akarudi chini.

Walikwenda mwendo mrefu bila neno. Zamani mtu angeweza kusingizia mtetemo kwamba ndio uliomziba mdomo. Sasa kimya chote kilikuwa chao.

"Nimekusahau," Mwalimu alisema hatimaye. "Nimefika hadi nyumbani."

"Najua. Nilihesabu dakika."

"Jumapili akija utamwambia nini?"

Mkewe alifikiri. "Nitamwambia gari limepona."

"Na mimi?"

"Wewe nitamwambia ufunguo unabaki kwako, ila gari haliondoki bila mimi ndani. Siku nikikuta limeondoka bila mimi, nitampa ufunguo kwa mkono wangu."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali. Yalikuwa masharti ya haki, na yalimuuma, na aliyashukuru. Mkewe alinyoosha mkono, akauingiza kwenye mfuko wa shati lake, akapapasa, akatoa kipande cha chaki ya bluu. Akainama, akachora mstari juu ya dashibodi, mbele ya kiti chake mwenyewe, akaurudia mara mbili ili ukolee.

"Chaki inafutika," Mwalimu alisema.

"Anayefuta ni mimi," mkewe alisema, akakirudisha kile kipande mfukoni. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la bluu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yao hakulikung'uta.